Fungu la Balozi

Mtu akikwambia kwamba Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mtu wa haki, muulize kwanza kama amewahi kucheza naye drafti. Mimi nilicheza naye miaka mingi, barazani kwake, kwa vizibo vya soda na vya bia, na nakwambia mzee yule alikuwa anaiba mchana kweupe. Unageuka kumfuta mtoto kamasi, ukirudi kizibo chako kimehama. Ukimshika, anakutazama kwa huruma kama vile wewe ndiye mgonjwa. "Mayu, hiki kilikuwa hapa hapa tangu mwanzo." Mayu kwa Kisukuma ni mama, na akishakuita hivyo ujue umeliwa.

Na huyo huyo ndiye tuliyempa kisu.

Kila Krismasi mtaa wetu ulikuwa unachanga ng'ombe. Wazee wawili wanakwenda mnadani, ng'ombe analetwa kwa miguu yake mwenyewe, na asubuhi ya mkesha anachinjwa uwanjani kwa Balozi. Nyama inapangwa mafungu juu ya majani ya migomba, kila fungu na mfupa wake, mnofu wake, kipande cha ini na utumbo kidogo. Mkataji alikuwa Balozi, na sheria ilikuwa yake: anayekata huchukua mwisho. Wajane wanaanza kuchagua, wanafuata wazee, wanafuata wengine wote, na muda wote huo mkataji anawapa watu mgongo ili macho yake yasije yakasema kitu. Fungu linalobaki ndilo lake. Sasa mtu akijua kwamba atakula kilichokataliwa na mtaa mzima, atakata sawa apende asipende. Nimeona wanawake wazima wakizunguka yale majani mpaka nzi wakachoka, wanatafuta fungu lililonona, hawalioni.

Mwaka mmoja Mwalimu, mstaafu mmoja jirani yangu, alifika nyumbani na nyama yake akakuta ndani ya paja kuna jipu la zamani. Akarudi nalo amelishika mbali na shati. Watu wakasema ndiyo bahati yake, si amechagua mwenyewe? Balozi akasema hapana, kilichofichwa na ngozi ni cha wote, maana hakuna jicho lililokiona. Akatuita tena na sufuria zetu, wengine nyama imeshaanza kuchemka, na kila nyumba ikakata kipande ikampa Mwalimu. Mwalimu akaondoka na fungu kubwa kuliko la mtu yeyote, na mpaka Pasaka alikuwa bado analisifia lile jipu.

Namwita Balozi kwa sababu hakuna aliyemwita vingine. Mke wake alimwita Balozi. Wajukuu walimwita Babu Balozi. Vyama vingi vilipoingia, walikuja vijana wamevaa fulana mpya wakatuambia kwamba mabalozi wa nyumba kumi ni mambo ya chama kile, si ya watu wote tena, sasa kuna mwenyekiti wa mtaa. Balozi aliwapa viti, akawasikiliza, akawauliza kama wamekula. Walipoondoka akaendelea kuwa Balozi. Mwenyekiti wa mtaa mwenyewe akipata kesi ngumu alikuwa anashuka kwa Balozi, anakaa kwenye kigoda, anasema, "Shikamoo Balozi, nimekwama."

Kesi zake zilikuwa raha. Ukifika unalia kwamba jirani amekumwagia maji machafu, hakusikilizi. Anakwambia: "Sema kwanza la mwenzako. Liseme vizuri mpaka mwenyewe akubali." Basi unasimama pale na hasira zako, unamtetea adui yako. Siku moja Mwalimu na mke wake walipelekana kwake kwa ajili ya redio. Kila mmoja akalisema la mwenzake vizuri mno, wakatoka wameachana na lile la mwanzo, wanagombana upya kwa kubadilishana upande. Balozi aliwasindikiza mpaka njiani, akarudi kucheka peke yake.

Alikuwa na baiskeli ambayo sijawahi kumwona ameipanda. Aliisukuma. Ilibeba madumu ya maji, ilibeba mahindi, ilibeba mgonjwa, lakini yeye alitembea pembeni yake kama mtu na mkewe wanaokwenda kanisani. Alivaa kofia ya sufu jua likiwaka mpaka mawe yanapasuka. Na ubahili wa sukari, Mungu amsamehe: chai ya kwake ulionjeshwa habari za sukari tu. Mimi ni Mhaya, kwetu mgeni hapewi chai ya namna ile, nikamwambia. Akasema, "Kwenu mna kahawa, Mama Koku, nenda ukatafune." Hivyo ndivyo tulivyokaa.

Sasa njia yetu. Mwanza ukisema mlima maana yake ni mawe. Tulijenga kati ya mawe na juu ya mawe, na wengine jiwe ndilo lilikuwa ukuta wa nyuma wa chumba cha kulala. Mtaa wetu ulianzia kwa Balozi, pale chini kwenye lami, ukapanda mpaka juu kabisa kwa Bwana Sangara, yule aliyekuwa ananunua samaki kwa wavuvi na kuwauzia wenye viwanda vya minofu. Miaka ile sangara alikuwa anawatoa watu viatu vya mpira na kuwavisha vya ngozi. Bwana Sangara alijenga ghorofa juu ya mwamba, na bati la bluu, aone vizuri ziwa linalomlisha. Ila pikapu yake haikuweza kupanda. Kila jioni aliilaza uwanjani kwa Balozi, akamlipa Balozi kwa mwezi, halafu akapanda mlima kwa miguu, ameshika koti na viatu mkononi kama sisi.

Maana haikuwa njia, lilikuwa korongo. Mvua zote za mlima zilipita humo. Mimi nilikaa katikati ya mlima, mjane, na cherehani yangu barazani, na jiko langu la udongo lilikuwa upande wa korongo. Mvua za mwaka wa kwanza tangu nimzike mume wangu zilichukua banda la kuku. Za mwaka uliofuata zikachukua jiwe nililokuwa nakalia nikipika. Ilibaki hatua moja ya mtoto kati ya ukuta wa jiko na shimo, na ukuta wa pili wa jiko ndio ukuta wa chumba nilicholala na wanangu. Mvua ikianza nilikuwa nawaamsha na kuwavalisha viatu, halafu tunakaa tunasikiliza. Sikuwa na pa kwenda. Nyumba ile ndiyo aliyoniachia marehemu.

Ndipo akaja mtu wa ofisi ya kata. Alisimama kwa Balozi, viatu vyake havikuwa vya kupanda. Akatuambia serikali siku hizi haifanyi peke yake, lazima kuchangia. Neno hilo miaka ile lilikuwa kila mahali, hospitali kuchangia, shule kuchangia, ukiugua unachangia na ukipona unachangia. Akasema greda litakuja na makalavati ya kupitishia maji yatakuja, lakini wenye nyumba kwanza wajenge mtaro wa mawe kutoka juu mpaka chini, wamalize kabla ya mvua za vuli. Wakishindwa, greda litakwenda mtaa mwingine. Akapangusa kioo cha saa yake, akaondoka.

Tukakutana jioni, wengine wameegemea pikapu ya Bwana Sangara. Swali lilikuwa moja: nani atoe nini?

Watu wa chini wakasema wao wakitoka mlangoni wanakanyaga lami, barabara ya mlimani inawahusu nini. Watu wa juu wakasema sawa, basi na maji yetu yanayowaingilia ninyi vitandani tuendelee kuwaletea. Bwana Sangara akasimama akasema kila nyumba itoe sawa, hiyo ndiyo demokrasia.

"Wewe una ghorofa," nikamwambia, "mimi nina jiko nusu. Hiyo demokrasia yako imekula sangara wangapi?"

Balozi akainua mkono tukanyamaza. Akasema tujaribu hiyo ya kila nyumba sawa. Kesho yake kukatokea ubishi nyumba ni nini. Mwalimu alikuwa na nyumba tatu kwenye kiwanja chake, zote amepangisha, na miaka yote alikuwa anajisifia. Ghafla akagundua kwamba ana nyumba moja na mabanda mawili ya kuku. Wapangaji wakajitokeza kwenye mabanda hayo na suti zao wanakwenda kazini, wakatusalimia.

Balozi akasema basi tuhesabu milango, mwenye milango mingi atoe zaidi. Wiki ile mafundi ujenzi walikula vizuri. Mtaa mzima ulikuwa unaziba milango kwa matofali. Mwalimu alibakiza mmoja, mke wake akawa anapokea sufuria za wali dirishani. Bwana Sangara yeye aling'oa tu mbao, akaning'iniza mapazia. "Huu si mlango," akamwambia Balozi, "ni uwazi."

Balozi akasema haya, tupime upana wa uso wa nyumba unaotazama njia. Akatoka na kamba yake. Alipofika nusu ya mlima akakuta watu wamehamisha ua wa minyaa, wengine wamegeuza baraza, wengine wameandika mbele ya nyumba neno nyuma. Kwa hesabu ya jioni ile, mtaa wetu haukuwa na nyumba hata moja inayoutazama.

Ungefikiri atakasirika. Alikaa kwenye jiwe akacheka mpaka kofia ikaanguka. Mimi nilikasirika. Nilimwambia, "Balozi, wewe cheka, jiko ni langu." Wakati ule watu walikuwa wameshaanza kumsema chinichini. Walisema yeye yuko kwenye lami, hana shida, tena njia ikitengenezwa pikapu itapanda mpaka kwa mwenyewe na ile hela ya kila mwezi ataikosa, kwa nini asivute siku mpaka mvua inyeshe? Nasema kweli, na mimi nilianza kuwaza hivyo.

Akafuta macho. "Nimekosea mimi, Mama Koku. Nimewauliza watu wana nini. Mtu akiulizwa ana nini, anaficha. Nyama hatugawi hivyo."

Kuanzia kesho yake alikuwa mlimani na kamba, mtaimbo na ndoo ya chokaa. Kiangazi kile chote kilichobaki alikuwa anapima mtaro. Aliukata mtaro wetu kama ng'ombe. Palipo mchanga mtupu, fungu likawa refu. Palipo changarawe, likapungua. Palipo mwamba, likawa fupi kama mkeka. Alichoma mtaimbo, akasikiliza, akasogeza mstari wa chokaa, akarudi nyuma, akausogeza tena. Nilikuwa namwona nikiwa kwenye cherehani. Nikimpelekea uji anauliza kama una sukari, halafu analalamika kwamba imezidi.

Akatuita. Akasema kila nyumba itachukua mafungu yake, iyachimbe na kuyajengea mawe yenyewe au iweke vijana iwalipe. Na mafungu mangapi? Hapo ndipo nilipompenda yule mzee. "Kila mtu atachukua kama alivyochukua Krismasi," akasema. "Aliyekula fungu moja la nyama, fungu moja la balabala. Aliyekula mawili, mawili."

Mwalimu mwenye nyumba moja na mabanda alikuwa anachukua mafungu matatu kila Krismasi, kwa sababu ya wapangaji, alivyotuambia. Bwana Sangara alichukua manne, kwa heshima ya ghorofa. Mimi moja. Mwalimu akafungua mdomo. Mke wake akamwambia mbele za watu, "Funga. Ulikula."

Siku ya kuchagua kulikuwa kumenyesha manyunyu tangu jana yake, ya kwanza tangu kiangazi kianze, udongo umeshikana na kandambili zetu zimekuwa nzito. Ndiyo maana tulifanya haraka. Wajane wanaanza, na mkubwa kwa umri kati yetu alikuwa amesafiri, kwa hiyo nikaanza mimi. Balozi alisimama pembeni, uso umetazama ziwa, mgongo kwetu.

Nilikuwa nimeshalipenda fungu moja. Lilikuwa juu kidogo ya jiko langu, fupi kuliko yote, na katikati yake jiwe limetoa mgongo kidogo tu, kama ng'ombe aliyelala kwenye tope. Nilijiambia, hili nitalibomoa huku maharage yanachemka. Nikaenda nikasimama kwenye chokaa yake. Nikafungua mdomo niseme ndilo langu.

Balozi akakohoa.

Akakohoa tena, kikohozi kirefu cha kuvuta. Mwalimu akamuuliza, "Pole Balozi, kifua?"

"Vumbi," akasema, hajageuka.

Nikafikiri ananihimiza, kwamba nyuma yangu kuna mlolongo na mimi nazubaa. Nikaona aibu, nikateremka, nikachukua fungu la mchanga, refu, lililokuwa chini ya nyumba yangu. Waliofuata wakachagua yao. Bwana Sangara alikuja na fundi wa kukodi amkagulie, yule fundi akayapiga teke mafungu yote akamwambia, tajiri, yote ni sawa tu, nipe hela yangu. Lile la juu ya jiko langu hakuna aliyeligusa. Mwalimu alieleza sababu baadaye: "Ukikosea pale maji yakaingia kwa Mama Koku, ule mdomo utakuzika." Basi likabaki, na aliyekata akalichukua.

Tulichimba. Nani angeamini, tulichimba. Mwalimu alivaa kaptula iliyomwonyesha magoti ambayo mtaa haukuwahi kuyaona. Bwana Sangara aliweka vijana, halafu akashindwa kukaa ndani, akaja kuwafokea, mwisho akavua koti akashika sururu. Mimi fungu langu la mchanga nililimaliza mapema, nikaanza kujigamba. Mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya ziwa upande wa Ukerewe, na mtaro ulikuwa umekamilika kutoka kwa Bwana Sangara mpaka kwenye lami, mawe yamepangwa vizuri.

Isipokuwa fungu la Balozi.

Lile jiwe lilikuwa na mizizi. Kila alipochimba liliongezeka. Alichimba upande mmoja akakuta linaendelea, akachimba upande wa pili akakuta limejaa mpaka chini ya njia. Mzee yuko peke yake shimoni na nyundo, kofia ya sufu imelowa jasho, anagonga, kinatoka kipande cha kujaza kiganja. Vijana wakamwambia, Babu tupishe. Akakataa. Bwana Sangara akasema ataweka watu kwa hela yake. Akakataa. "Fungu la mtu ni la mtu," akasema. "Nikisaidiwa mimi, kesho kila mtu atataka asaidiwe, na mtasema nilikata vibaya."

Na kukata vibaya alikuwa amekata vibaya, tuliona wote. Ilikuwa mara yake ya kwanza, watu wakamwonea aibu hata kumtania. Lakini mimi sikuwa na nafasi ya aibu. Mtaro wa juu ulikuwa tayari, sasa ungekusanya maji yote ya mlima vizuri kuliko zamani, uyalete mpaka kwenye jiwe la Balozi, na pale yageuke. Yageukie wapi? Jikoni kwangu. Tulikuwa tumejenga mfereji wa kuniua mimi na watoto wangu.

Nikaenda nikasimama juu ya shimo. Watu walikuwepo wengi, maana mtu akihangaika peke yake watazamaji hawakosekani.

"Balozi," nikasema, "toka humo."

"Niache, mayu."

"Usiniite mayu, leo hatuchezi drafti. Nikuulize. Jipu la Mwalimu ulisemaje?"

Akaacha kugonga. Mwalimu nyuma yangu akasema polepole, kama yuko darasani, "Kilichofichwa na ngozi ni cha wote."

"Haya," nikasema. "Na hili jiwe udongo si ulilificha? Kuna jicho lililoliona? Wewe ulikuwa na jicho la kuliona?"

Balozi alinitazama. Alinitazama muda mrefu kuliko swali lenyewe. Akawatazama watu waliosimama nyuma yangu, akatazama jiko langu. Nilidhani ni hasira ya mtu mzima kufungwa kwa kamba yake mwenyewe, na nikajisikia fahari sana, sitaficha.

Halafu akaweka nyundo chini. "Basi leteni kuni," akasema.

Kila nyumba ilileta mzigo wake. Mlimani kwetu jiwe kubwa halipigwi, linapikwa. Tulilizungushia kuni, Bwana Sangara akaongeza matairi chakavu ya pikapu, moshi ukafunika mtaa mpaka kuku wakapanda kulala. Tulilipika kutwa nzima. Kila nyumba ikaleta dumu la maji tukayamwaga kwa pamoja, na jiwe likapasuka kwa kishindo kilichofanya watu wa chini watoke nje kuuliza tajiri gani amepigwa risasi. Lilipasuka vipande safi, na vipande hivyo hivyo vikajenga fungu lake. Mtaro ukaungana. Mawe ya mwisho tuliyapanga huku matone makubwa yanatupiga mgongoni.

Mvua ilinyesha. Niliwavalisha watoto viatu kwa mazoea, tukakaa. Nikasikia maji yanakuja kutoka juu, yanapita nje ya ukuta, yanakwenda zake chini kama mtu mwenye safari yake asiye na shida na mimi. Koku akasema, "Mama, yamepita." Nikalia. Nikawavua viatu wakalala, na mimi nikabaki nimekaa jikoni kwangu, nimeegemea ule ukuta.

Greda likaja. Pikapu ikapanda mpaka kwenye ghorofa, Bwana Sangara akiwa anapiga honi kila mlango, na kila uwazi. Uwanja wa Balozi ukabaki mtupu, na ile hela ya mwezi ikaisha. Mke wake akasema sasa hata sukari ile ya kunusa ataikosa. Balozi akasema afadhali, kuku wamepata pa kutembea.

Nilimwona mara ya mwisho juzi juzi tu, katika hesabu za watu wa umri wangu. Koku ameolewa Ilemela, naishi naye, nikaja mtaani siku hiyo kupokea kodi ya nyumba yangu. Njia sasa ina lami kutoka chini mpaka juu, na asubuhi ile mvua ilikuwa imeiosha inang'aa. Balozi alikuwa barazani anacheza drafti na Bwana Sangara, ambaye naye nywele zimekwisha na sangara wamekwisha. Kofia ya sufu ilikuwa ile ile. Macho yalikuwa yamefifia, anasogeza uso mpaka karibu na ubao.

"Shikamoo Balozi."

"Marahaba. Huyu ni Mama Koku, nasikia mdomo." Akanipapasia kigoda. "Jiko limesimama?"

"Limesimama. Wapangaji wangu wanapikia mle mle."

Bwana Sangara akainuka kwenda dukani kununua sigara, akatuambia tusiguse kitu. Tukabaki wawili. Sijui kwa nini nilimuuliza siku ile. Pengine kwa sababu nilikuwa nimepita pale juu nikatazama mahali palipokuwa na jiwe, na nikakumbuka kiangazi kizima nikimwona na mtaimbo wake.

"Balozi, wewe ulipima mtaro wote kwa mtaimbo, hatua kwa hatua. Lile jiwe lilikupitaje?"

Alishika kizibo, akakizungusha. "Halikunipita. Mtaimbo ulilia kila nilipochoma."

"Ulijua?"

"Nililifupisha lile fungu nikalifupisha, halikufupishika tena. Lingefutika kabisa. Nikaona basi, mmoja ataumia."

Nikaona nimesimama juu ya ile chokaa, kandambili zimejaa tope, nimefungua mdomo. "Na nilipolisimamia mimi," nikasema.

"Nilikohoa."

"Umewapa watu mgongo, ukakohoa."

"Nilisikia kandambili zako, mayu, zinapanda mpaka juu ya jiko zikasimama pale." Akacheka kidogo. "Halafu ukaja kunifunga mbele za watu. Eti, kuna jicho lililoliona? Ningesema nini? Ningesema nililiona, wangeniuliza kwa nini nimekohoa."

Miaka yote hiyo nilikuwa nasimulia jinsi nilivyomshinda Balozi kwa maneno yake mwenyewe. Nimesimulia harusini, nimesimulia msibani. Nikataka kumwambia asante. Nikasema tu, "Kwa hiyo uliiba."

"Aa. Lilikuwa vumbi," akasema.

Bwana Sangara akarudi na sigara zake, akakagua ubao kizibo kwa kizibo, akakaa. Zamu ilikuwa ya Balozi. Nilitazama mchezo. Bwana Sangara alikuwa amemtegea mtego wazi kabisa, mtoto angeuona, lakini macho yale hayakuuona. Balozi akapeleka mkono wake mnene, taratibu, mpaka juu ya kile kizibo ambacho akikisogeza tu ataliwa vizibo vitatu kwa mpigo.

Nikakohoa.

Mkono ukasimama hewani. Ukahama, ukashuka kwenye kizibo kingine.

Bwana Sangara akainua kichwa akanitazama, akatazama lami iliyolowa, akanitazama tena. "Pole Mama Koku. Kifua?"

"Vumbi," nikasema.